Darasani au kwa masafa: yanayosemwa mitaani Mwanza na ukweli wake

Ukimwambia mtu wa Nyegezi kwamba unasoma shahada kwa masafa, yaani ukiwa mbali na chuo, jibu huwa lile lile: "Kwa hiyo husomi, unasubiri mtihani tu." Si ajabu. Kwa aliyezoea kuona wanafunzi wakimiminika chuoni Malimbe kila asubuhi, chuo ni majengo. Lakini mwaka 2004 mtafiti Bernard na wenzake walipokusanya tafiti 232 zilizolinganisha darasa na masafa, wastani wa tofauti katika ufaulu ulikaribia sifuri. Kilichotofautiana sana ni kozi yenyewe: kuna za masafa zilizolishinda darasa kwa mbali, na kuna zilizoachwa nyuma vibaya.

"Masafa ni mteremko."

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ziwe za mhadhara, maktaba, kazi za kuandika au mtihani. Shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani saa 3,600, na wa masafa hapunguziwi hata moja.

Sasa piga hesabu ya mwalimu wa shule aliyeko kisiwa cha Ukara. Jumatatu hadi Ijumaa anasoma saa mbili kila jioni, Jumamosi anaongeza tano. Jumla ni saa 15 kwa wiki. Kwa wiki 40 za mwaka anafikisha saa 600, sawa na krediti 60, nusu ya mzigo wa mwaka. Akienda hivyo atamaliza kwa miaka sita, na hakuna aibu yoyote. Tatizo ni kwamba anajisajili kozi zote kama mwenzake aliye hosteli, kisha sapu (mitihani ya kurudia) zinapojaa lawama inaangukia masafa.

Kozi ya krediti 12 inadai saa 120. Ukiigawa kwa wiki 15 ni saa nane kwa wiki. Mwenye saa 15 anamudu kozi moja kwa raha, mbili kwa kubana sana, na ya tatu ni sapu iliyokwisha kuandikwa. Kabla ya kujisajili, uliza kikomo cha chuo ni miaka mingapi.

"Darasani kuna wa kumuuliza, masafa uko peke yako."

Nusu kweli. Ukumbi wa watu 300 wenye kipindi cha dakika 60, hata mhadhiri akiacha kufundisha ajibu maswali tu, kila mmoja anapata sekunde 12. Upweke wa masafa hata hivyo upo. Wanaoacha njiani ni wengi kuliko darasani, na mara nyingi si kwa ugumu wa somo. Huchangia pia kwamba hakuna aliyegundua kuwa hawaonekani. Kundi la WhatsApp la watu 200 haliponyi hilo, linajaa pole na hongera. Watu wanne wanaokutana siku moja ile ile ya wiki, kila mmoja na swali alilolikosa, wanatosha.

"Nikimsikiliza mhadhiri, nimeelewa."

Mwaka 2019 watafiti wa Harvard walilinganisha wanafunzi wa fizikia. Waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri walihisi wamejifunza zaidi kuliko waliofanyishwa kazi darasani. Jaribio likaonyesha kinyume. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walikuwa wamekwisha kuonyesha jambo linalofanana na hilo. Baada ya wiki moja, waliosoma kifungu mara moja kisha wakajijaribu walikumbuka asilimia 56. Waliokisoma mara mbili, asilimia 42. Baada ya dakika tano tu, waliorudia ndio walioongoza, na ndiyo maana desa (maelezo ya kunakili) linalorudiwa usiku wa kuamkia mtihani linadanganya.

Soma kurasa tano, funga, andika unachokumbuka kwenye karatasi tupu. Fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Baada ya siku mbili anza na yale mekundu.

"Bila bando kubwa huwezi."

Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde hula takriban MB 29 kwa saa. Video ya megabiti moja kwa sekunde hula MB 450. Zima video, pakua vitini mapema, mengine ni mazoea.

Linaloangusha watu zaidi ni kutuma kazi. Ukurasa uliopigwa picha kwa simu unaweza kufika MB 3. Kurasa 12 ni MB 36, na mfumo unaweza kukataa. Tumia programu ya kuskani, chagua nyeusi na nyeupe, hifadhi kama PDF moja. Kisha angalia saa ya mwisho ya kutuma. 11:59 PM ni saa 5:59 usiku. 12:00 AM ya tarehe 10 ni saa sita usiku wa kuamkia tarehe 10. Anayesubiri mchana wa siku hiyo amechelewa saa 12. Na mfumo uliowekwa UTC, saa ya kimataifa, uko nyuma yetu kwa saa tatu.

"Cheti chake hakitambuliki."

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992, na kina kituo Mwanza. Cha kukagua ni kama programu yenyewe ina ithibati ya Tume; jina la chuo peke yake halitoshi. Ni kweli pia kwamba si kila kozi inafaa: udaktari hausomwi kwenye simu, wodi za hospitali ya Bugando haziingii kwenye PDF.

"Mtihani unaufanyia nyumbani."

Kwa kawaida mitihani ya mwisho hufanyika kituoni, ana kwa ana, na msimamizi anataka kitambulisho. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wa Sengerema na Geita hawapangi tena foleni ya kivuko. Wa Ukerewe bado wanategemea chombo cha majini, na upepo wa ziwa haujui ratiba ya chuo. Wavuke siku moja kabla, kitambulisho na kalamu mbili ndani ya mfuko usioingia maji.