Kabla ya Kuchagua Mashine ya Kupumulia Usingizini, Moyo Upimwe

Mtu akiambiwa pumzi yake hukatika usingizini, wazo la kwanza ni kukoroma na koo kuziba. Ipo aina nyingine, apnea ya kati: koo liko wazi, ila ubongo umeacha kutoa amri ya kupumua.

Usiku wa kipimo, mgonjwa hufungwa mkanda mmoja kifuani na mwingine tumboni. Koo likiziba, mikanda huendelea kutanuka na kusinyaa, maana mwili unahangaika kuvuta hewa. Kwenye apnea ya kati mistari inayochorwa na mikanda yote miwili hulala kimya kwa sekunde 10 au zaidi, kisha pumzi hurudi. Tofauti hiyo ndiyo inayoelekeza uchaguzi wa mashine, kwa hiyo tafadhali usiazime ya ndugu yako anayekoroma.

Chanzo nacho kijulikane mapema: moyo kushindwa kufanya kazi, kiharusi, au dawa za maumivu za jamii ya mofini. Daktari akipunguza dawa hizo, wakati mwingine tatizo hupungua au huisha bila mashine yoyote.

Mara nyingi mashine ya CPAP, inayosukuma hewa kwa presha moja, ndiyo hujaribiwa kwanza. Wapo ambao apnea ya kati huwajitokeza baada ya kuanza kuitumia kutibu koo linaloziba. Kwa wengi wao hali hiyo hutoweka ndani ya wiki au miezi michache, hivyo hakuna haja ya kukimbilia mashine nyingine.

BPAP ina presha mbili, ya kuvuta pumzi na ya kuitoa. Isiyo na mpigo wa akiba, yaani isiyoweza kumpumulia mgonjwa anaposita, inaweza kuzidisha tatizo. Hufukuza kabonidayoksaidi kupita kiasi, na gesi hiyo ndiyo huuchochea ubongo kupumua.

ASV hupima kila pumzi na kuongeza msaada pumzi inapofifia. Kwa kutuliza apnea ya kati ni hodari mno, na hapo ndipo ninapoomba umakini. Mwaka 2015 utafiti wa SERVE-HF, uliohusisha wagonjwa 1,325 wa moyo dhaifu, ulionyesha kwamba waliopewa ASV walikufa kwa maradhi ya moyo zaidi ya wasiopewa. Wote walikuwa na moyo unaosukuma asilimia 45 ya damu yake au pungufu kwa kila pigo. Utafiti wa baadaye, ADVENT-HF, uliotumia ASV ya aina nyingine, haukuona madhara hayo, lakini pia haukuona maisha yakirefushwa. Kwa maoni yangu, hakuna anayepaswa kuandikiwa ASV kabla ya kupimwa moyo kwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti.

Na kipimo hicho hakidumu milele. Anayetumia ASV akipata shambulio la moyo, au miguu ikianza kuvimba na pumzi kumbana akilala chali, awahi hospitali, eko irudiwe, na daktari aamue upya kama mashine hiyo bado inamfaa.