Wazazi, watoto na moyo wa kutoa: dhana potofu na ukweli

Dhana: Nikitoa kimyakimya, mwanangu ataona na kuiga.

Ataona nini? Michango mingi siku hizi inapita kwenye simu. Kidole kinagusa skrini mara tatu, basi, na mtoto aliyekaa pembeni anajua mama anachati. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 903. Wale ambao wazazi wao waliongea nao kuhusu kutoa, uwezekano wao wa kutoa ulikuwa juu kwa asilimia 20 kuliko wale ambao hawakuambiwa kitu, iwe familia ina kipato kikubwa au kidogo. Mzazi aliyetoa bila kusema neno hakufua dafu mbele ya yule aliyeongea. Najua wapo waliofundishwa kwamba mkono wa kushoto usijue unachotoa wa kulia. Nami nilikuwa hivyo. Lakini siri ile ni ya kuzuia majigambo kwa watu; hakuna aliyesema umfiche mwanao.

Dhana: Basi nitamhubiria.

Mahubiri ya bahili hayaendi mbali. Katika jaribio moja la mwaka 1975, watoto walishinda tokeni (vipande vya kubadilisha na zawadi) kwenye mchezo, wakaombwa wamgawie mtoto maskini. Kabla yao alicheza mtu mzima: wengine walimwona akigawa, wengine walimwona akijilimbikizia. Baadhi walimsikia pia akihubiri kutoa au kujiwekea. Alichofanya kiliwavuta kuliko alichosema, na miezi miwili baadaye athari yake ilikuwa bado ipo.

Dhana: Kutoa ni kwa wenye nazo.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tuendelee.

Dhana: Kila akitoa nimpe zawadi, atazoea.

Atazoea zawadi. Watafiti Warneken na Tomasello, mwaka 2008, waliwajaribu watoto wa miezi 20 ambao tayari walikuwa wakisaidia wenyewe, kwa mfano kumwokotea mtu kitu kilichomdondoka. Waliolipwa kwa vitu vya kuchezea walipunguza kusaidia malipo yalipokoma. Walioshukuriwa tu, au wasiopewa chochote, waliendelea.

Dhana: Mtoto mdogo ni mchoyo, tusubiri akue.

Hii ndiyo inayonikera zaidi. Nchini Kanada, mwaka 2012, watoto ambao hawajatimiza miaka miwili walipewa vibiskuti, kisha wakaombwa wamgawie kikaragosi. Nyuso zao zilichangamka zaidi walipotoa kuliko walipopewa, na zaidi tena kibiskuti kilipotoka kwenye bakuli lao wenyewe.

Sasa fikiria ile sarafu unayomshikisha mwanao akaitumbukize kwenye kisanduku cha michango. Anaifinya kiganjani, anaiachia, inalia ndani, anakimbia kurudi. Hapo ametumwa tu, kwa sababu fedha ni yako. Mwulize kama angependa kutoa kidogo katika akiba yake, mweleze inakwenda kwa nani, na akikwambia leo hataki, mwache, utamwuliza siku nyingine.