Gemu uliyoimaliza bado ina mengi: sheria za kujiwekea na zinavyofanya kazi

Kazi yangu ni kubuni hatua za gemu za simu. Vijana wanaotaka kuingia kwenye fani hii huniuliza mara kwa mara wacheze gemu gani mpya ili wajifunze, na jibu langu huwa lile lile: chukua uliyokwisha kuimaliza, jiwekee sheria moja inayokubana, kisha uanze upya. Wengine hudhani nawapunja. Lakini sijui njia nyingine inayomwonyesha mtu kwa haraka namna gemu ilivyojengwa. Na mfuko nao unanufaika: gemu mpya kubwa ya konsoli inaweza kuuzwa dola 70, na hapo bado hujanunua bando la kuipakua. Ya mwaka 2002 unayo tayari.

Tatizo ni kwamba wengi wanaziona sheria hizi kama namna ya kujitesa. Zipo zinazotesa bure, ni kweli. Zipo pia zinazofundisha, na tofauti inaonekana ukikaa na mfano mmoja ukauchambua hadi mwisho. Kwa hiyo naanza na Nuzlocke.

Mwaka 2010 Mmarekani aitwaye Nick Franco alikuwa akicheza Pokémon Ruby, gemu ya kukamata viumbe waitwao Pokémon na kuwapambanisha, akajiwekea sheria mbili. Ya kwanza: katika kila eneo jipya unaruhusiwa kumkamata Pokémon wa kwanza tu unayekutana naye, akikuponyoka, eneo hilo umelikosa. Ya pili: Pokémon wako akizimia kwenye pambano, amekufa. Unamwachia, na humtumii tena. Safari yake akaichora kama katuni na kuiweka mtandaoni. Mmoja wa wahusika alikuwa Pokémon aitwaye Nuzleaf, mwenye sura ya John Locke wa tamthilia ya Lost, na jina Nuzlocke likatokana na hapo. Baadaye ikazoeleka sheria ya tatu, kwamba kila unayemkamata lazima umpe jina.

Tazama sheria hizo zinagusa nini. Adui hawajaongezewa nguvu, wala hakuna namba hata moja iliyobadilishwa ndani ya programu. Kilichoondolewa ni uhuru wa kuchagua kikosi na ule msamaha wa bure. Katika uchezaji wa kawaida, Pokémon akizimia unampeleka kituo cha matibabu, anapona bila malipo, mnaendelea. Unaweza kumlea kipenzi chako mmoja hadi awe na nguvu kupita kiasi, akufikishe mwisho wa gemu, na usijue kabisa kwamba umeruka sehemu kubwa ya kazi ya walioitengeneza.

Mchukue Wurmple. Route 101, njia ya kwanza kabisa ya Ruby, ina viumbe watatu: Zigzagoon, Poochyena na Wurmple, ambaye ni kiwavi. Tuseme amekutokea yeye. Akifika leveli ya 7 anageuka Silcoon au Cascoon, na uamuzi si wako. Unategemea namba iliyofichwa aliyozaliwa nayo. Tuseme amekuwa Cascoon. Leveli ya 10 anakuwa Dustox, nondo wa sumu ambaye wachezaji wengi humweka kwenye boksi na kumsahau. Kwenye Nuzlocke ndiye uliyepewa, kwa hiyo unaanza kusoma anachokijua. Leveli ya 17 anajifunza Protect, hatua inayomkinga na shambulio kwa zamu moja. Ina sharti lake: ukiitumia mfululizo, uwezekano wa kufanikiwa unashuka.

Sasa twende jimu ya tano, yaani ukumbi wa tano wa mapambano ya lazima, kwa Norman, ambaye ni baba wa mhusika wako. Ana Slaking wawili. Jumla ya nguvu za msingi za Slaking ni 670, sawasawa na Groudon, yule wa kwenye jalada la Ruby. Waliomtengeneza walimpa mnyama huyu kizuizi kimoja, uvivu: zamu moja anashambulia, zamu inayofuata anazubaa. Mchezaji wa kawaida anaweza kupita hapo bila kuligundua hilo, maana amekuja na mnyama aliyeshiba leveli anayemaliza kazi kwa mapigo mawili. Mwenye Dustox hana anasa hiyo. Zamu ambayo Slaking anapiga, Dustox anajikinga. Zamu ambayo Slaking anazubaa, Dustox anashambulia. Kisha anajikinga tena. Kwa kuwa kinga haitumiwi mara mbili mfululizo, haidhoofiki. Ushindi si wa uhakika, lakini nondo aliyedharauliwa sasa anapambana na mnyama mwenye nguvu za Groudon, kwa vitu viwili ambavyo vilikuwamo ndani ya gemu tangu siku ilipotoka.

Hapo ndipo ninapowasimamisha wanafunzi wangu. Sheria nzuri inakunyang'anya ile njia moja unayoiegemea na kuziacha nyingine zote wazi. Ukimwongezea adui damu mara mbili, mchezaji atafanya yale yale kwa muda mrefu zaidi. Kilichobadilika ni saa tu. Maamuzi yamebaki yalivyokuwa.

Dark Souls ya 2011 inalithibitisha hilo kwa upande mwingine. Wapo wanaoimaliza wakiwa leveli ya 1, yaani bila kupandisha nguvu za mhusika hata mara moja. Aina ya mhusika anayeanza akiwa leveli hiyo ni Pyromancer, mtumia moto, na moto wenyewe ndio ufunguo: uganga huo hautegemei akili wala nguvu za mwili, unategemea kiwango cha mwali alioushika mkononi, ambao unaupandisha kwa kulipa roho ulizokusanya. Kwa hiyo unayemwona dhaifu kwenye jedwali la takwimu anaweza kuunguza bosi vizuri tu. Sheria ya leveli ya 1 inakuonyesha mfumo wa pili wa kukua uliofichwa nyuma ya ule mkubwa.

Ila sheria iliyofika mbali kuliko zote ninazozifahamu ni ya kutobonyeza A kwenye Super Mario 64. Gemu hiyo ya 1996 ina nyota 120, na A ndicho kitufe cha kuruka. Gemu nzima imejengwa juu ya kuruka. Mchezaji anayejulikana kwa jina la pannenkoek2012 ndiye aliyeitangaza zaidi changamoto hii. Januari 2016 alitoa video ya maelezo kuhusu nyota moja tu, Watch for Rolling Rocks, iliyo ndani ya pango la Hazy Maze Cave, ambayo aliipata kwa kubonyeza A "mara nusu".

Nusu hiyo ilichekwa sana, lakini ina mantiki kamili. Kubonyeza kitufe kuna sehemu tatu: kukigandamiza, kukishikilia na kukiachia. Mambo mengine Mario anayafanya kwa kitufe kushikiliwa tu. Ukiichukua nyota hiyo peke yake, huna budi kugandamiza A mara moja, hivyo hesabu ni moja. Lakini ukicheza gemu nzima mfululizo, kuna mahali pengine utalazimika kugandamiza A. Ukiishikilia kuanzia huko hadi pangoni, nyota hii haikuongezei kitu kwenye jumla. Alihitaji namna ya kuandika kitu ambacho ni moja ukikitazama hivi na sifuri ukikitazama vile, akaandika nusu.

Jambo la pili kwenye video hiyo ni malimwengu sambamba, nalo linatokana na hesabu ya kawaida ya kompyuta. Gemu inatunza mahali alipo Mario kwa namba yenye desimali. Inapokagua kama kuna sakafu chini yake, inaigeuza kuwa namba nzima ya biti 16. Namba ya biti 16 ina nafasi 65,536 tu, kisha inaanza upya. Kwa hiyo Mario akiwa amesogea vipimo 65,536 kutoka mahali fulani pangoni, ukaguzi unarudisha jibu kwamba bado yuko pale pale, naye anatembea juu ya sakafu isiyoonekana, kama yuko kwenye nakala ya pango lile lile. Kuruka umbali huo kwa fremu moja, yaani picha moja tu ya zile zinazopita kwenye skrini, kunataka kasi isiyo ya kawaida, na pannenkoek2012 alionyesha kwamba Mario anaweza kuilimbikiza akiwa mahali pamoja, kwa saa 12. Kazi yote hiyo ilifanywa kwenye emuleta, yaani programu inayoiga konsoli, fremu kwa fremu.

Halafu kuna toleo la Wii. Gemu iliporudishwa kwenye konsoli hiyo, emuleta yake ilikuwa ikikata desimali kuelekea sifuri badala ya kuikadiria kwenye namba iliyo karibu zaidi. Kwenye hatua ya Bowser in the Fire Sea kuna majukwaa yanayopanda na kushuka, na kwa sababu ya mkato huo kila mzunguko unayaacha juu kidogo kuliko yalivyokuwa. Ni kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini ukiiacha konsoli ikiwaka kwa takriban siku 3, majukwaa yanakuwa yamepanda vya kutosha kukupitisha bila kuruka. Tangu nilipolielewa hilo, naomba wenzangu wa programu waache toleo la majaribio likiwaka usiku kucha kabla hatujalitoa kwa umma. Kosa la desimali moja halina haraka. Linasubiri mtu mwenye subira kuliko wewe uliyelitengeneza.

Si sheria zote zinazolenga ugumu. Mwaka 2011 Kurt J. Mac alianza kutembea kwa miguu kuelekea Far Lands kwenye Minecraft, mahali ambapo hesabu ya kuumba dunia inazidiwa na ardhi inaharibika kuwa kuta za ajabu zenye matundu. Mpaka wake uko kwenye bloku ya 12,550,821. Bloku moja ni mita moja, kwa hiyo ni zaidi ya kilomita 12,500, karibu sawa na kipenyo cha dunia. Matoleo ya baadaye yaliondoa kasoro hiyo, hivyo alibaki kwenye toleo la zamani, na safari yake aliitumia kuchangisha fedha kwa ajili ya mashirika ya misaada, likiwamo Child's Play. Hapana bosi, hapana kupoteza. Ninaipenda kwa sababu inaitazama gemu kama nchi ya kusafiria.

Na kwenye tamasha la kumaliza gemu kwa kasi la Games Done Quick, Januari 2014, mchezaji sinister1 aliicheza Mike Tyson's Punch-Out!! akiwa amefungwa kitambaa machoni. Gemu hiyo ya 1987 ina milio inayotangulia mapigo ya wapinzani, na ukisikiliza vizuri unajua ngumi inakuja lini. Mtengenezaji yeyote wa sauti za gemu angepaswa kuitazama hiyo.

Kwa gemu za mpira sina haja ya kueleza sana, maana kwenye mabanda ya PlayStation, ambako unalipia mechi, sheria hizi tumezitumia siku zote bila kuzipa majina makubwa: timu za nyota tano marufuku, au aliyeshinda mechi iliyopita ateremke daraja. Wachezaji wa Football Manager, gemu ya ukocha, wana ile ya Pentagon, ambapo kocha mmoja anatakiwa kutwaa ligi ya mabingwa ya mabara matano. Njia ya kutwaa ligi ya mabingwa ya Afrika mara nyingi hupitia klabu za Afrika Kusini, kwa kuwa ndiyo ligi ya bara letu inayokuja ndani ya gemu bila kuongeza faili zilizotengenezwa na mashabiki.

Unapojitungia sheria, anza kwa kujiuliza ni kitu gani ulikitegemea ulipoimaliza gemu mara ya kwanza. Hicho ndicho cha kuondoa. Sheria iwe fupi kiasi cha kumweleza rafiki kwa pumzi moja, na uamue mapema nini kinahesabika kuwa kupoteza, kwa sababu ukisubiri hadi bosi amekukalia vibaya utajitafutia udhuru. Pia angalia mahali ambapo gemu yenyewe itakulazimisha kuvunja sheria, uandike ruhusa yake kabla hujaanza. Wachezaji wa Nuzlocke wamefanya hivyo kwa viumbe wanaojirudia: ukikutana na aina uliyonayo tayari, wengi wanaruhusu umpite na kumsubiri mwingine.

Mfano ninaowapa wanaoanza ni wa GTA San Andreas, kwa kuwa karibu kila mmoja ameicheza. CJ, mhusika mkuu, haruhusiwi kumtoa dereva yeyote kwenye gari. Magari yaliyoegeshwa, baiskeli na treni ruksa. Ndani ya misheni fanya inachodai. Nje ya misheni ukikiuka, rudi kwenye sevu ya mwisho, pale ulipohifadhi gemu. Baada ya muda mfupi utajikuta juu ya baiskeli kuliko ulivyowahi, na utaona ustadi wa kuendesha baiskeli ukipanda kwenye orodha ya takwimu zake. Kadiri unavyopanda, ndivyo CJ anavyorusha baiskeli juu zaidi, na kuta za Los Santos ambazo siku zote ulizizunguka kwa gari zinaanza kupitika.