"Mgonjwa wa nje" maana yake nini katika matibabu ya akili na ulevi?

Ukimpeleka ndugu yako kutibiwa akili hapa Bukavu, ukaambiwa atatibiwa kama mgonjwa wa nje, usidhani mmefukuzwa. Nimeona mama akilia mlangoni, kitenge kikiwa kimemlegea kiunoni, akiamini mtoto wake amekataliwa. Nje hapa ni nje ya kitanda tu. Mgonjwa analala kwake, anarudi kwa tarehe iliyoandikwa kwenye fishi yake, yaani kadi ya matibabu, anapimwa, anazungumza na muganga (daktari), anachukua dawa.

Wengi wanafaa kutibiwa hivyo: mwenye huzuni nzito, mwenye kifafa, hata anayesikia sauti, maadamu anakula na hatishii kujidhuru wala kudhuru mwingine. Kwa anayesikia sauti kuna sindano ya flufenazini inayokaa mwilini wiki mbili hadi nne, kwa hiyo si lazima kila siku iwe vita ya vidonge. Na mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa mhGAP, unaofundisha wauguzi na madaktari wa kawaida kutibu magonjwa haya, ili mtu wa Bagira asilazimike kila mara kwenda kituo cha wataalamu kama SOSAME.

Pombe ndiyo inayotaka uangalifu zaidi. Mtu aliyezoea kanyanga tangu asubuhi, msimkatize ghafla nyumbani. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuwaka homa, kutetemeka mwili mzima, kuona wadudu ukutani ambao hawapo. Hali hiyo inaua. Aliyewahi kuipitia alazwe kwanza. Asiye na hatari hiyo hupewa diazepamu inayopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, na dawa hizo azishike mtu wa nyumbani, si yeye mwenyewe. Tafadhali, msimfungie chumbani, wala msimpeleke chumba cha sala afunge kula siku tatu. Kuombewa aombewe, lakini ameshakula na ameshameza dawa. Mwili wa mlevi mara nyingi umekauka vitamini hiyo, na njaa juu yake inaweza kuharibu ubongo.

Kazi ambayo hospitalini ingefanywa na muuguzi sasa inaangukia nyumba, na hapo ndipo matibabu mengi yanapovunjika. Baadhi ya dawa za akili zinaleta njaa kali. Katika nyumba inayopika mara moja kwa siku, kijana anameza kidonge asubuhi, anasubiri ugali mpaka jioni tumbo likimuuma, kesho yake anakitupa. Watu wanasema amekuwa mkaidi. Hapana, ana njaa! Mwambieni muganga ukweli huo. Mara nyingi saa ya kumeza inaweza kuhamishiwa usiku, karibu na chakula.

Mtaa mdogo nao una macho. Kila mtu anajua nani amepanda moto (pikipiki) kwenda kutibiwa kichwa, na wapo wanaoacha kurudi kwa aibu tu. Familia nyingine humsindikiza mgonjwa kama wanaokwenda soko la Kadutu, na sioni ubaya.

Siku ya kurudi, njooni na pakiti za dawa zilizobaki, hata zikiwa nyingi. Muuguzi atazihesabu, kisha atauliza zimebaki kwa nini.