Excavate si exhume, hata jembe likiwa lilelile

Wapo wanaodhani kitenzi cha Kiingereza exhume (kufukua kilichozikwa) ni excavate (kuchimba) iliyovaa suti tu. Hapana. Kila anayetaka kupamba sentensi yake siku hizi anaandika kwamba wanaakiolojia "exhumed" vyungu vya kale. Vyungu havikufanyiwa maziko, jamani.

Zote zina asili ya Kilatini. Ndani ya excavate mna cavus, yaani chenye uwazi. Ndani ya exhume mna humus, udongo. La kwanza linatazama shimo, la pili linamtazama aliyelala humo. Ndiyo maana excavate hupokea handaki, mtaro au msingi wa jengo kama yambwa, yaani kinachotendwa, hata pasipatikane kitu zaidi ya kifusi. Exhume bila mzikwa haina kazi.

Kwa mfasiri, exhume ni kufukua, na Kiswahili kimeshakusaidia: kufukua ni kinyume cha kufukia, kwa hiyo lazima kuwe na kilichofukiwa. Excavate ni kuchimba, wakati mwingine kuchimbua.

Sasa wale wanaokariri kwamba "maiti ni exhume, basi" nao wananichosha. Mwanaakiolojia anayefunua mifupa kwa mwiko na brashi, akipima na kuchora kila tabaka, huandika excavate bila wasiwasi, maana anaeleza uchimbaji wake. Exhume ina harufu ya kibali, mahakama na uchunguzi wa chanzo cha kifo. Chukua mji wa Leicester, Uingereza, 2012: eneo la maegesho ya magari lilikuwa "excavated", na mifupa iliyokuja kuthibitishwa kuwa ya Mfalme Richard III ikawa "exhumed" kwa leseni ya Wizara ya Sheria. Shimo moja, vitenzi viwili, wala hakuna aliyekosea. Oliver Cromwell, mtawala wa Uingereza wa karne ya 17, je? Alifariki 1658, akatolewa kaburini Januari 1661 ili maiti yake itundikwe kwenye mti wa kunyongea. Hapo ni exhume. Ukiandika excavate, msomaji ataona wahandisi wamevaa kofia ngumu.

Panaponitatiza ni kaburi lenyewe. Kiswahili hufukua kaburi na hufukua maiti, yote sawa. Kiingereza, kwa kawaida, hu-exhume mwili, si kaburi, na kwenye kaburi la mtu mmoja mimi hufuta "exhume the grave" bila huruma. Lakini ripoti za makaburi ya halaiki zimejaa matumizi hayohayo, yameandikwa na watu wanaoijua kazi yao, na sina kanuni safi ya kuwakatalia. Huwa nayaacha, huku nikinung'unika.

Kwa sitiari, exhume hufufua kashfa au kesi iliyokwisha kusahaulika. Nasi husema mtu anafukua makaburi, tafsiri inayokaa vizuri kuliko nyingi. Kama siri imegunduliwa tu, bila mtu kuwa ameizika mwanzo, achana na vyote viwili utumie unearth, yaani kufichua.