Sijajenga, Nimegeuza Tu: Dhana Potofu Kuhusu Nyumba na Vichochoro vya Mji wa Kale wa Lamu

Katika muda wa mwezi mmoja wateja watatu wamekuja kwangu na barua za kaunti za kusimamisha kazi ya fundi mkononi, na kila mmoja alianza maelezo yake kwa maneno yaleyale: "Mimi sijajenga kitu, nimegeuza tu." Wa kwanza alikuwa ameigeuza nyumba ya babu yake kule Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, kuwa nyumba ya wageni ya vyumba vinane. Wa pili alikuwa amefungua duka la mitungi ya gesi mahali ambapo wazee wake walipokea wageni. Wa tatu, mama mjane, alikuwa ameigawa nyumba yake vyumba vya kupangisha ili apate cha kuwasomeshea watoto. Nimeshughulikia maombi ya vibali mjini hapa kwa miaka mingi, na hakuna kauli inayonichosha kama hii, kwa sababu wanaoisema huisema kwa nia safi kabisa, na wanapokuja kuisema huwa wamekwisha kuimaliza akiba yao kwa fundi.

Dhana: Kubadilisha matumizi ya nyumba bila kujenga hakuhitaji kibali

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, inayotumika katika kaunti zote za Kenya, haikuufunga uendelezaji, yaani kazi inayohitaji kibali, kwenye kuchimba msingi na kupandisha ukuta peke yake. Badiliko kubwa la matumizi ya jengo, au la msongamano wa watu na shughuli ndani yake, ni uendelezaji sawa na kuongeza ghorofa. Anayeufanya bila kibali cha kaunti anatenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili, na juu ya hayo anaweza kutakiwa airudishe nyumba katika hali yake ya kwanza kwa gharama yake mwenyewe. Huwa sipendi kuanza na adhabu, kwa kuwa mteja akishasikia nusu milioni hasikii tena sababu, na sababu ndiyo ninayotaka aondoke nayo.

Nyumba ya mawe ya Lamu ilipangwa kwa ajili ya jamaa moja. Mgeni huishia dakani, yaani barazani pa mlango, au tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia. Baada ya hapo kuna kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, misana, yaani vyumba virefu vinavyofuatana, ndani, na choo kilichowekwa mahali ambapo maji yake yana njia ya kutokea. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki upana mkubwa, na kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, ambayo huruhusu unyevu uingie na utoke. Mwenye nyumba anapotaka kila chumba kiwe na bafu lake, fundi huchimba kuta hizo ili apitishe mabomba, kisha huziba kwa saruji. Saruji haipumui. Unyevu hukwama ndani ya ukuta, na ncha za boriti zilizozikwa humo huanza kuoza pasipo mtu kuona, mpaka siku dari inapoanza kulegea.

Juu ya paa huwekwa tangi, kwa kuwa wageni kumi na sita hawaogi kwa maji ya jamaa moja. Lita 1,000 za maji zina uzito wa tani moja. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano zilizowekwa juu ya boriti ambazo mwashi wa zamani alizipanga zibebe sakafu ya chokaa, vyombo vya jikoni na watu waliopanda kupunga upepo. Hapo hapana ukuta mpya hata mmoja, na mwenye nyumba yuko sahihi kabisa anaposema kwamba hajajenga, lakini nyumba imebebeshwa mzigo ambao haijawahi kuubeba, na ukuta unaoubeba mzigo huo mara nyingi ni ukuta wa pamoja na jirani.

Hayo ni ya ndani, ambayo wateja wangu hatimaye huyaelewa. Ninachoshindwa kuwaelewesha ni ya nje. Nyumba iliyokuwa ikipokea kapu moja la sokoni kwa siku, ikigeuzwa nyumba ya wageni, hupokea masanduku ya wasafiri, katoni za maji ya chupa, mitungi ya gesi, mashuka ya dobi na samaki wa jikoni, na vyote hupita katika kichochoro ambamo punda wawili wenye shehena hupishana kwa taabu. Maji ya mabafu manane huingia katika mfereji uleule uliochimbwa kwa ajili ya choo kimoja, yakafurika, na watoto wa chuoni, yaani madrasa, wakapita humo miguu peku wakienda kusoma. Kisha hutokezwa ngazi mpya hatua moja mbele ya daka, hutundikwa mashine ya kupoza hewa penye kimo cha kichwa cha mtu, huwekwa jenereta mlangoni. Kila kimoja peke yake ni kitu kidogo. Katika njia yenye upana wa mita mbili, kila kimoja hula sehemu ya nafasi ambayo mzee mwenye bakora huitegemea ili ajibanze mzigo unapopita.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kibali cha kubadilisha matumizi ni uamuzi wa usalama wa njia kama ulivyo uamuzi wa nyumba. Wenye nyumba za wageni hunijia wakilalamika kwamba bodaboda zimejaa mjini na kaunti haifanyi kitu, nami huwauliza maji yao ya chupa yaliletwa na nani asubuhi ile. Tumegeuza nyumba moja baada ya nyingine tukahesabu vitanda, na hapana aliyehesabu safari ambazo vitanda hivyo huzileta vichochoroni.

Ushauri wangu kwa kila mteja, na wengine wamechoka kuusikia, ni huu: kabla hujamwita fundi, chukua utepe wa kupimia, upime upana wa njia kutoka mlangoni kwako hadi kona ya kwanza kila upande, mahali palipo pembamba zaidi, na uandike vipimo hivyo juu ya mchoro. Chini yake andika mizigo itakayoingia kwa siku, itabebwa na nini na saa ngapi. Sheria haiutaji utepe, lakini maombi yenye vipimo hivyo huwalazimisha wanaoyaamua kujadili jambo lenyewe, na humlazimisha mwenye nyumba kulitazama kwanza. Yule kijana wa Mkomani alipopima mwenyewe alipunguza vyumba kutoka vinane hadi vitano pasipo mimi kusema neno.

Dhana: Bodaboda zilikatazwa mji wa kale ili kuwapendeza watalii

Maneno haya huumiza, kwa kuwa huwafanya vijana waone kwamba riziki yao imetolewa kafara kwa ajili ya picha za wageni. Anayepita vichochoroni kila siku ni mtoto wa chuo, mama mwenye kapu, mzee anayetoka alfajiri msikitini, hamali na punda wake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Pikipiki inayokwenda kilomita 20 kwa saa, mwendo ambao kila dereva huuita wa polepole, husogea zaidi ya mita tano na nusu katika sekunde moja, na sekunde moja ndiyo muda ambao binadamu wa kawaida huuhitaji kuona hatari na kukamata breki. Ongeza mita tatu za breki zenyewe, na zaidi ya hizo ikiwa sakafu ina maji au mchanga, utapata karibu mita tisa. Katika kona za mji wa kale, ambako ukuta huanzia pale pale njia inapokatikia, mtu huonekana akiwa mita mbili au tatu tu mbele yako. Kwa hiyo dereva mwangalifu, mwenye breki nzuri na mwendo wa polepole, bado atamfikia mtoto kabla hajaigusa breki. Kikomo cha kilomita 50 kwa saa ambacho Sheria ya Trafiki inakiweka mijini kiliandikwa kwa barabara za magari, na hakimsaidii mtu yeyote hapa.

Wako wanaosema basi yawekwe matuta. Tuta lililojengwa vizuri kwa barabara ya magari lina urefu wa karibu mita 3.7 na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, na shabaha yake ni kupunguza mwendo wa gari kwenye njia iliyonyooka. Ukiliweka kichochoroni utakuwa umewawekea kizuizi mkokoteni, mama mjamzito na mwenye kiti cha magurudumu, utauzuia mfereji, na kona itabaki kipofu kama ilivyokuwa. Katika barabara pana zilizo nje ya mji wa kale matuta yana nafasi yake, na huko nayaunga mkono kwa moyo wote. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa husimama baada ya mita 13 hivi kwenye lami kavu. La kilomita 50, likiwa limeanzia pale pale, linapofika kwenye mita ya 13 dereva wake hata breki hajaikanyaga.

Mamlaka ya kuamua mambo haya ni ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho. Vijana wa bodaboda wana haki ya kudai kwamba kila katazo liambatane na mahali rasmi pa kushushia mizigo ukingoni mwa mji wa kale, ili safari ya mwisho ibaki ya punda na mkokoteni. Katazo lisilo na mahali pa kushushia huvunjwa kila alfajiri, na kosa hapo si la dereva peke yake.

Dhana: Mji wa kale ni wa UNESCO, kwa hiyo kibali hutoka kwao

UNESCO haitoi kibali cha ujenzi kwa mtu yeyote. Mji wa kale uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, lakini ulikuwa umekwisha kulindwa na sheria za Kenya tangu 1986, na anayewajibika ni Kenya yenyewe. Kibali ni cha kaunti, na katika eneo lililolindwa idhini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya inahitajika pia. Moja haisimami mahali pa nyingine. Uwezo wa Kamati ya Urithi wa Dunia ni kuuondoa mji kwenye orodha. Bonde la Elbe mjini Dresden, Ujerumani, liliingizwa mwaka 2004 na likaondolewa mwaka 2009 kwa sababu ya daraja la magari la njia nne, nao ulikuwa uamuzi wa trafiki uliopitishwa na wenyeji kwa kura.

Dhana: Nina leseni ya biashara, basi nimeruhusiwa

Leseni ya biashara hukuruhusu kufanya biashara. Haisemi kwamba nyumba hiyo yafaa kwa biashara hiyo. Mwenye duka la gesi alinionyesha leseni yake iliyolipiwa mwaka mzima, nami nilimwonyesha kichochoro chake, ambacho gari la zimamoto haliwezi kukiingia.

Dhana: Jirani hana la kusema katika nyumba ya mtu

Anayeomba kibali anatakiwa autangazie umma anachokusudia kufanya, na tangazo hilo ni mwaliko kwa yeyote mwenye pingamizi alilete. Naomba majirani wauitikie mwaliko huo mapema, kwa maandishi, na kwa hoja zinazopimika: mabafu mangapi, maji yatokee wapi, paa jipya litachungulia kiwanda cha nani. Hili la mwisho si dogo katika mji ambao milango yake ilipangwa isitazamane ili sitara ya kila nyumba ilindwe. Pingamizi lililoandikwa "hatutaki wageni mtaani" halina mahali pa kushikika. Lililoandikwa "sakafu ya juu ya nyumba hii itakuwa mita moja juu ya ukuta wa kiwanda chetu" haliwezi kupuuzwa.

Mwombaji naye akikataliwa, au akipewa masharti asiyoridhika nayo, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uratibu wa mipango ya kaunti, na baada ya hapo iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Yule mama mjane aliihifadhi barua yake kabatini kwa wiki tatu akingoja kaka yake arudi kutoka Mombasa. Maombi yake tunayaandika upya tangu mwanzo, na safari hii vipimo vya njia viko kwenye ukurasa wa kwanza.