Kukabidhi funguo hakuhamishi faini
Wengi huamini kwamba ukiuza gari, ukishapokea fedha na kukabidhi funguo, faini zake si zako tena. Sivyo. Kamera ya barabarani haimjui dereva. Husoma namba ya gari, na kwa kawaida notisi hutumwa kwa jina lililomo kwenye usajili. Gari likivutwa hadi yadi ya magari yaliyokamatwa, gharama za kuliweka, ambazo mara nyingi huongezeka kila siku, nazo huelekezwa hukohuko. Inaniuma kuona muuzaji mwaminifu akidaiwa makosa ya mtu mwingine. Hamisha umiliki mapema, na mkataba uonyeshe tarehe na hata saa ya makabidhiano. Notisi ikikufikia hata hivyo, usiitupe: katika nchi nyingi una haki ya kuipinga ndani ya muda uliotajwa humo, na mkataba huo ndio ushahidi wako.